Dhamana ya Maisha

Gazeti lilifika kijiweni likiwa la juzi, lakini tangazo lilikuwa bado bichi: duka jipya la vipuri linauza shokapu za kutuliza mirusho ya magari ya zamani, orijino, dhamana ya maisha. Wakili, ambaye hakusomea sheria ila alifagia mahakama miaka kumi na tisa, alilisoma mara mbili, akavua miwani.

"Maisha ya nani?"

Mzee aliyeitwa Kasi Ndogo kwa uendeshaji wake alishusha kikombe cha kahawa. Gari lake la miaka arobaini na nane lilikuwa mbele ya benchi, na tangu siku liliporuka tuta mara moja likatua mara tano, mkewe aliapa kutolipanda tena. Jumapili walikuwa wanakwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza. Mke angepanda basi, yeye angelifuata basi kwa nyuma, peke yake, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka wenzake wajue.

Wakili aliendelea kuchambua. Kama ni maisha ya gari, gari lilishakufa zamani, linatembea kwa ukaidi tu. Kama ni ya mnunuzi, Kasi Ndogo ana miaka sabini na moja na muuzaji si mjinga. Kama ni ya duka, basi tumwombee muuzaji afya.

Fundi Bushi, mwenye gereji ya nyuma ya benchi, alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alikuwa ameazima shokapu mbili za kujaribia, akazisimamisha sakafuni: moja ya lile duka, inayong'aa, na nyingine nyeusi isiyo na mbwembwe, dhamana miaka miwili. Zote zimeandikwa za gesi, yaani zikikandamizwa zirudi juu zenyewe. Akaikandamiza ile ya kung'aa; ikazama, ikabaki hukohuko. Nyeusi ikarudi juu yenyewe, polepole.

"Lakini hii ni orijino," Kasi Ndogo alisema, akiishika ya kung'aa. "Imeandikwa."

"Hata wewe jina lako lina Kasi," fundi alijibu.

Kasi Ndogo hakukata tamaa. Miaka miwili, alisema, si ahadi ya kumpelekea mke wa mtu. Yeye alitaka kwenda nyumbani na neno moja tu: milele.

Hakufika nyumbani. Mkewe alitokea sokoni na kikapu chake, benchi zima likakaa vizuri. Wakili akamkaribisha shemeji kiti, shemeji akakataa. Alisikiliza habari yote amesimama, akazikandamiza shokapu zote mbili kwa kiganja, akajipangusa.

"Mama watoto, hii ina dhamana ya maisha," Kasi Ndogo alijaribu.

"Dhamana ya maisha nilishapewa na wewe, mbele ya mashahidi. Kila nikileta lalamiko naambiwa nivumilie." Akamgeukia fundi. "Mfungie ya miaka miwili. Ikifa, tutakuja kuidai wote wawili, humohumo ndani ya gari."

Wakili alivaa tena miwani atafute kifungu cha kupinga. Alipogeuka kumuuliza mdaiwa, Kasi Ndogo alikuwa ameshaingia chini ya gari, anadai apewe spana.