Dagaa Wamechukua Kitanda Changu

Kwa Mama Maixabel Urkiola,
Mwenyekiti wa Chama cha Wavuvi,
Ofisini, juu ya mnada wa samaki.

Mama Mwenyekiti,

Shikamoo, na pole na kazi. Mimi ni Birame Sarr, mtu wa Joal kule Senegali, baharia na mchomeleaji vyuma wa mashua ya Gure Amatxo, mwaka wa tisa sasa. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nasema bila kuzunguka: naomba uamuru tangi letu jipya la chambo hai, yaani dagaa, likatwe nusu mita kabla hatujatoka kuvua jodari, nirudishiwe kitanda changu. Sababu zangu ni hizi.

1. Nahodha wetu, Bwana Koldo, hakutaka tangi la kawaida. Alitaka la kupimiwa, kama suti ya harusi. Anasema tangi likiwa na kona, dagaa hujirundika humo, wanakwaruzana magamba na kufa, na jodari hamtaki dagaa mfu. Hilo sibishi. Basi tangi likatengenezwa mviringo kama yai, na yai likakosa nafasi. Ukuta wa bweni ukasogezwa nusu mita. Katika nusu mita hiyo ndimo nilimokuwa nikilala.

2. Nilipouliza nitalala wapi, Koldo alinishika bega. "Birame, ndugu yangu, wewe ni mtu, utazoea. Dagaa hazoei kitu, anakufa tu." Nikamwambia, "Na mimi nikifa?" Akafikiri kidogo. "Wewe jodari hakutaki hata ukiwa hai."

3. Nimepewa benchi la chumba cha kulia. Mama, wewe ni mwenyeji, unajua benchi lile ni la nini. Mpishi wetu Joxemiel na wenzake huchezea hapo karata za mus kila wakitoka zamu, na mus hauchezwi kwa kunong'ona. Joxemiel akiweka dau lote hupaza "Hordago!" na kupiga meza. Katika safari ya majaribio aliikosa meza, akapiga tumbo langu. Lakini si hilo linaloniuma. Katika mus mtu humpa mwenzake ishara kwa uso, na kufumba macho maana yake "sina karata ya maana". Sasa mimi nikilala, nafumba macho. Joxemiel akasimama akaning'akia, "We Birame! Nani kakutuma uwaambie kwamba sina kitu?" Na kweli hakuwa na kitu. Tangu hapo wananitaka nilale macho wazi.

4. Dagaa wamewekewa taa laini itakayowaka usiku kucha ili wasiogope. Watabadilishiwa maji mfululizo. Kuta zao zina rangi ya buluu nyepesi, ambayo Koldo aliichagua kwa siku tatu, akamleta na mama yake mzazi aikague. Bweni letu lilipakwa rangi mara ya mwisho kabla Joxemiel hajaoa. Joxemiel ana wajukuu.

5. Karibu na tangi ni marufuku kupiga mluzi, kugonga nyundo na kuvaa viatu vizito. Juzi nilipiga chafya. Koldo akaja mbio, kidole mdomoni: "Shhh! Utawatisha!" Tangi lilikuwa bado tupu.

6. Kwa hiyo, ikiwa kulikata haiwezekani, naomba niandikishwe katika karatasi za mashua kama dagaa. Mmoja tu. Sili sana, na sitadai zamu. Najua dagaa mwisho wake ni kutupwa baharini. Lakini yeye hutupwa mara moja. Mimi natupwa sitahani saa kumi na moja alfajiri kila siku ya Mungu.

Nangoja amri yako kabla ya Jumatatu, siku ambayo tangi litajazwa maji. Nisalimie mumeo, akina mama washona nyavu, mzee wa barafu, na yule paka wa mnadani mwenye sikio moja.

Ni mimi, mtumishi wako asiye na kitanda,
Birame Sarr

Nyongeza: Mama, kabla sijaifunga bahasha, Koldo aliniambia niingie tangini nikague viungo nilivyochomelea mwenyewe, kama kuna ncha ya kumkwaruza dagaa. Nikapapasa kwa mkono, kisha kwa shavu, maana shavu halidanganyi. Usingizi ukanichukua humo humo, saa saba nzima. Hakuna kona, hakuna hordago, ni buluu tupu. Nilipoamka nilimwona Koldo mdomoni pa tangi, peku, viatu mkononi, akiwanong'oneza wenzangu: "Nyamazeni bwana, amelala."

Basi tafadhali usilikate hata inchi moja. Wewe ahirisha tu hayo maji ya Jumatatu. Dagaa wapewe benchi. Hawafumbi macho kamwe, Joxemiel hatakuwa na neno nao.