Mfungo wa Samaki Arobaini

Jumatatu, tarehe 3

Mjomba ametoa hukumu baada ya chai. Yeye ndiye mchungaji na mkuu wa misheni, kwa hiyo hakuna pa kukata rufaa. Wageni kutoka kanisa letu la nyumbani watafika Jumapili kuona mradi wa samaki na mboga. Wakikuta mboga, nitabaki na samaki wangu hadi mwisho wa mwaka. Wasipokuta, Jumatatu nitashika kipaza sauti sokoni na kuhubiri kwa zamu kama wenzangu.

Sokoni. Mbele za watu. Mimi ambaye siku ya mahafali nilipewa nisome shukrani, nikasoma sentensi ya kwanza, kisha nikasoma tena sentensi ya kwanza, kisha nikaketi. Tena lugha ya nchi hii najua maneno thelathini tu, na kumi ni matunda.

Ndiyo maana nilijitolea kwa samaki. Samaki hawataki hotuba. Mtambo wenyewe si mgumu. Samaki arobaini wako chini kwenye tangi. Pampu inapandisha maji yao kwenye trei ya kokoto, ilipo miche ya letusi, kisha maji yanarudi chini. Katikati fundi alieleza jambo kuhusu kinyesi cha samaki. Niliona haya, nikatazama pembeni. Nadhani haikuwa sehemu muhimu.

Jumanne, tarehe 4

Letusi zangu zimeanza umanjano. Za Dada Zaburi ni kijani kibichi.

Dada Zaburi ninalala naye chumba kimoja. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna tatizo asilokuwa na zaburi yake. Amepanda letusi kwenye ndoo sita kuukuu za rangi, udongo na mbolea tu, kando ya banda la kuku. Hana pampu. Hana fundi. Leo ameniuliza kama miche yangu inaumwa, maana ana zaburi ya wagonjwa. Nikamshukuru. Sikutaka kumshukuru.

Mpango: kufunga na kuomba siku tatu. Nimesoma katika Biblia habari za mji wa Ninawi. Mfalme hakufunga peke yake, alifungisha na mifugo. Hapo ndipo watu hukosea. Wanafunga wenyewe huku mradi unaendelea kula.

Mfuko wa chakula cha samaki nimeuficha mvunguni mwa kitanda. Simwambii mtu, kwa sababu mfungo ni siri. Pia kwa sababu sijui ningeanzaje.

Jumatano, tarehe 5

Njaa. Tangi liko nyuma ya jiko, na Mpishi amekaanga vitunguu asubuhi nzima. Aliniuliza mwanangu mbona sahani imerudi kama ilivyokwenda. Nikasema tumbo. Si uongo, lilikuwa tumbo kweli.

Samaki wamepanda juu wote, wanafungua midomo na kufunga. Dada Zaburi akapita, akasema hao wanatafuta chakula. Nikamjibu kwa sauti ndogo kwamba wanasifu. Akawatazama sana, akaondoka bila zaburi yoyote. Ushindi wangu wa kwanza tangu nifike.

Alhamisi, tarehe 6

Ishara! Maji ya tangi yamekuwa safi kama ya kunywa. Hata kokoto za chini zinaonekana. Mjomba amepita, akasema hajawahi kuona tangi safi namna hii, akanipiga bega. Wazi kwamba utakaso umeanza na maji na utapanda taratibu hadi kwenye majani. Majani bado hayajapata habari. Yamezidi umanjano.

Nimewahesabu samaki. Thelathini na tisa. Nikaenda jikoni kimyakimya kuchungulia kikaango. Mpishi akanikuta nimeinamia mafuta. Akasema kama tumbo limepona niseme tu, mtoto wa kike haombi chakula kwa kunusa. Kilikuwa kikaango cha mayai.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeanguka. Mpishi aliweka wali na maharage mbele yangu, akasimama mikono kiunoni mpaka nimalize. Nilimaliza. Nikaongeza. Kisha nikalala hadi jioni.

Nimeona aibu sana. Lakini mfungo haujavunjika, kwa kuwa samaki wanaendelea kwa niaba yangu. Nimewaongezea siku moja kufidia wali.

Jumamosi, tarehe 8

Kesho ndiyo kesho. Asubuhi majani yalikuwa yamelegea kama masikio ya mbwa mzee. Nikafikiri: samaki wameomba siku tatu na ushee, baraka yote imo tangini, ila bomba ni jembamba. Basi nikaishusha trei yote ndani ya tangi ili miche ipokee moja kwa moja. Nikaenda kufagia kanisa.

Niliporudi nikaipandisha trei, hapakuwa na letusi. Hata mizizi. Samaki wamefungua mfungo.

Jumapili, tarehe 9

Wageni watano. Kiongozi wao ni mama mmoja mwenye miwani mikubwa. Alitazama trei ya kokoto tupu, akatazama tangi, akauliza mboga ziko wapi. Wote wakanigeukia. Mjomba pia.

Nikasema zimeliwa. Akauliza na nani. Nikasema na samaki. Akauliza kwa nini, hawapewi chakula? Nikasema walikuwa wamefunga.

Yule mama akavua miwani, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. Mjomba akashika ukuta. Mpishi akasema ndiyo maana, akaenda kuchukua mkate, akawarushia samaki, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya wageni. Dada Zaburi hakucheka. Alisema kwa upole kwamba hata yeye hana zaburi ya hilo.

Mama wa miwani akaniambia, mwanangu, samaki asiyekula hachafui maji, na maji yasiyo na uchafu hayana cha kulisha mboga. Kwa hiyo ilikuwa sehemu muhimu.

Mjomba alipopata pumzi akasema ushuhuda kama huu usikae uani. Kesho sokoni, na kipaza sauti.

Jumatatu, tarehe 10

Nimesimama. Nikasema sentensi ya kwanza ya samaki wangu, Mjomba akaitafsiri. Kisha nikasema tena sentensi ya kwanza. Akaitafsiri tena. Kisha nikaketi. Muuza samaki mmoja akauliza kama ninaumwa. Nilimwelewa, ni moja ya maneno yangu thelathini.

Mjomba hakunikemea. Amesema nitajaribu tena Alhamisi, wageni wakiwa bado wapo.

Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Si mfungo. Ni hesabu. Ninawi walifungisha mifugo wote, mimi nilifungisha samaki tu. Bahati nzuri Mpishi amezidiwa na wageni, ameniachia kuku kumi na wanne niwaangalie hadi Ijumaa. Siku tatu zinatosha kuombea sauti. Pumba zao ziko mvunguni, kando ya chakula cha samaki.

Wameanza vizuri. Wamejipanga kwenye wavu, kimya kabisa, wote wanatazama ndoo za Dada Zaburi. Nimewaachia mlango wa banda wazi. Mfungo wa kulazimishwa hauna thawabu.