Vita vya Mlango wa Mashine ya Kufulia

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye shughuli waziweke chini. Chungu kikiungua na kiungue! Nawasimulia vita vilivyopiganwa katika duka la dobi, asubuhi ya Jumamosi, baina ya majemadari watatu na mashine moja kuukuu ya kufulia, yenye mlango wa kioo na roho ya chuma.

Ndani ya tumbo la mashine ile lilifungiwa gauni la harusi. Tena si gauni la mteja, la hasha! Lilikuwa la binti wa pekee wa Mama Pasi, mnyoosha mikunjo, mshinda makunyanzi, shujaa wa habari hii. Bibi harusi alilimwagia chai asubuhi hiyo hiyo, na ndoa ilikuwa alasiri. Mama mtu alilitazama gauni likielea nyuma ya kioo.

Yapaswa mjue kwamba mashine ile ilikuwa na maradhi matatu, na kila ugonjwa ulikuwa na tabibu mmoja tu. Maji yakikataa kutoka, aliitwa Mzee Dobi. Swichi ikinata, aliitwa Dada wa Kaunta. Mlango ukigoma, aliitwa Mama Pasi. Na kila tabibu, kabla ya kutibu, aliwaamuru wenzake wageukie ukuta wasione, maana waliamini kwamba mwenye siri hafukuzwi kazi.

Siku hiyo maradhi yote matatu yakaja pamoja.

"Tulieni!" akanguruma Mzee Dobi, mteka madoa, akikunja mikono ya shati. "Mimi niliyefua mashuka ya hoteli nzima kabla hamjaota meno, nishindwe na ndoo mbili za maji? Geukieni ukuta!"

"Mzee wangu, maji hayatoki swichi ikiwa imenata," akajibu Dada wa Kaunta, mlinzi wa risiti. "Geuka wewe kwanza."

"Na mlango je? Geukeni nyote!" akasema Mama Pasi.

Wakageuka. Naam, wote watatu waligeuka, kwa adabu kamili, wakaukodolea macho ukuta uliobambuka rangi, kila mmoja akingoja mwenzake amalize. Mashine ikabaki peke yake, ikikoroma kwa raha zake.

"Tayari?" akauliza Mzee Dobi.

"Tayari nini? Si nakungoja wewe!" akajibu Dada wa Kaunta.

Mama Pasi akaangua kicheko, kisha machozi yakamlengalenga, kwani akilini alimwona mwanawe akiolewa ndani ya gauni la kuazima. Ndipo akageuka, akajipiga kifua, akanena maneno ambayo duka lile halikuwahi kuyasikia.

"Jamani, nitazameni! Siri yangu hii hapa: unavuta kitasa juu, halafu unausukuma mlango kwa nyonga, hapa karibu na bawaba. Basi! Miaka yote nawaringia kwa hilo tu. Haya, nanyi semeni, mwanangu aolewe!"

Mzee Dobi akakohoa. "Ule mpira wa maji wa nyuma... unaushusha chini, unautikisa. Hata mtoto anaweza."

"Mimi swichi nairudisha nyuma kidogo ndipo naipeleka mbele," akakiri Dada wa Kaunta. "Niligundua kwa kukosea."

Loo! Hapo ndipo walipokuwa jeshi. "Mzee, shusha mpira, shikilia hapo hapo! Dada, rudisha, peleka, usiachie!" Maji yakatimua mbio kuelekea mtaroni bila kuaga. Mama Pasi akarudi nyuma, akalenga, nyonga ikatua. Ko! Mlango ukasalimu amri, na gauni likatoka jeupe pe, likichuruzika, likapokewa kwa vigelegele ambavyo hata Mzee Dobi alivipiga, vibaya sana.

Alasiri binti akaolewa. Kwa miaka mingi hakuna sherehe ambayo Mama Pasi aliimaliza; daima simu ilimfuata: mlango umegoma, njoo. Safari hii simu ilikaa kimya mkobani mpaka ikamtia wasiwasi, akapiga mwenyewe.

"Mlango vipi?"

"Umegoma mara mbili," akajibu Mzee Dobi. "Tumeufungua. Nyonga yangu haina hali, lakini tumeufungua. Cheza, mama!"

Na iandikwe katika tarehe za mataifa, chini ya habari za wafalme: mama wa bibi harusi alicheza mpaka mpiga ngoma akaomba maji, na hakuna aliyemwita kazini.