Wametuweka Kiporo

Ijumaa, 14 Machi

Zimebaki siku kumi na nne. Theluji bado ipo, chafu. Moyo uko juu juu.

Niweke kumbukumbu sawa, maana watu wa nyumba hii wana tabia ya kusimulia mambo kwa namna ya kuniumiza. Novemba binti yangu Annika aliomba nafasi Chuo cha Ellery, kule Vermont, akasomee elimu ya maji ya ziwani. Ndilo analolitaka tangu ana miaka tisa, alipoanza kujaza maji ya Ziwa Michigan kwenye chupa za jemu na kuzibandika tarehe. Desemba wakamjibu. Hawakusema ndiyo. Hawakusema hapana. Wamemwahirisha, asubiri mpaka tarehe 28 Machi, saa kumi na mbili jioni. Kwa lugha ya jikoni, wamemweka kiporo.

Siku hiyohiyo Colby alikubaliwa. Chuo hichohicho. Colby ni mtoto wa jirani yetu Duane Pruski, na mwaka juzi aliingiza gari la baba yake gereji bila kufungua mlango.

Duane akachomeka kibao mbele ya nyumba: HAPA ANAISHI MWANAFUNZI WA ELLERY. Theluji imekifunika mara tatu, naye kakifukua mara tatu. Wiki hii kakiwekea taa. Mwanga unaingia chumbani kwetu. Marlys, mke wangu, kasema basi funga pazia. Nimefunga. Lakini najua inawaka.

Mwalimu Okerlund, yule wa ushauri pale shuleni, alishatueleza utaratibu. Mwanafunzi aliyeahirishwa anaandika barua moja ya kuwaambia bado anawataka. Shule inatuma alama mpya. Basi. Wazazi wakae mbali. Annika aliandika yake Januari, ukurasa mmoja. Sikuonyeshwa. Niliomba kwa heshima, mara sita.

Jumapili, 16 Machi

Paswedi yake naijua. Sikuiba. Ni jina la Gus, mbwa wetu marehemu, na mwaka aliokufa. Mzazi yeyote makini angeijua.

Nimeingia kwenye ukurasa wake wa Ellery mara moja tu, kabla ya kanisa. Ombi lako linashughulikiwa. Nimeingia baada ya kanisa. Linashughulikiwa. Baada ya chakula, vilevile. Hawa watu wanashughulikia nini miezi minne? Mimi nyumba nzima naiwekea mitambo ya joto kwa siku tatu, mabomba na yote.

Mara ya saba nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Chini kabisa kuna kisanduku. Mtu anayemfahamu mwombaji anaruhusiwa kuongeza barua ya kumpendekeza.

Mtu anayemfahamu mwombaji. Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Marlys kaniuliza mbona natabasamu. Nimesema ni ile supu.

Jumanne, 18 Machi

Imekwenda!

Nimeiandika ndani ya gari la kazi, kati ya mteja na mteja. Kurasa nne. Sikusema mimi ni baba yake, maana wazazi hawatakiwi, na mimi ni mtu wa kufuata taratibu. Nimesaini kwa jina la ukoo wa mama yangu: G. Hoekstra, Mtaalamu wa Joto. Hapo uongo uko wapi? Joto ndiyo kazi yangu miaka ishirini na sita.

Nimeanza hivi: Nimemfahamu mwombaji tangu alipozaliwa. Kwa hakika nilikuwepo chumbani. Kisha nikaeleza alivyokaa juu ya barafu saa nne nzima akiwa na miaka kumi na moja, anapima unene wake kwa rula ya shule, midomo imekuwa ya bluu, na akakataa kuondoka mpaka amalize mstari wa mwisho. Nikaongeza kwamba anaosha vyombo bila kuambiwa. Hilo la vyombo nimelitia chumvi kidogo. La barafu ni kweli tupu, na nililia nikiliandika, mteja akagonga kioo kuuliza kama kuna gesi inavuja.

Alhamisi, 20 Machi

Mwalimu Okerlund amenipigia. Nilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya mteja, uso umejaa masizi.

Alianza mbali, kwa upole, kama daktari. Akasema Ellery wamempigia. Eti wamepokea barua kutoka kwa mtaalamu wa joto aliyeshuhudia mwombaji akizaliwa. Wanauliza ni nani huyo. Je, namfahamu?

Nikamwambia jimbo letu la Wisconsin lina wataalamu wengi wa joto, nchi yenyewe ni baridi.

Akasema, "Bwana Vanderlinden, nakuomba. Usiguse tena kitu chochote."

Nikamuuliza kama itamharibia. Nilitaka aseme hapana. Walimu wa ushauri kazi yao si ndiyo hiyo? Akasema, "Sijui." Neno moja tu. Nimetembea nalo tangu saa nane mchana na halitaki kushuka.

Sijamwambia Marlys. Wala Annika.

Ijumaa, 21 Machi

Samaki wa Kwaresima ukumbini kanisani. Parokia nzima imo, na sahani za karatasi. Duane alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Kageuka, kauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye meza ya viazi, "Vipi jirani, bado tu?"

Nikasema bado, mambo mazuri hayataki haraka.

Akasema kama nataka, Colby anaweza kumsemea Annika neno zuri kule kwao, Ellery. Kule kwao! Nilifungua mdomo, Marlys akanikanyaga mguu. Alivaa buti za theluji.

Tukiwa kwenye gari nikawaeleza mpango mdogo niliokuwa nao wa kupita Vermont Jumatatu, kusalimia tu. Marlys hakugeuka. Alisema mfa maji haishi kutapatapa, ila huyu anatapatapa wakati anayeogelea ni mtoto. Nikaona si wakati wa kutaja barua.

Annika alikuwa kiti cha nyuma. Kucha kazila zote, zimebaki nyama. Baada ya muda akasema, "Baba, wakinikataa mimi nitakuwa sawa. Wewe je?"

Nikasema mimi? Mimi nitakuwa sawa kabisa. Tulipofika nikashuka chumba cha chini kukagua mtambo wetu wa joto. Hauna tatizo. Nilikaa nao saa nzima.

Jumatano, 26 Machi

Siku mbili zimebaki. Nimetaka kuingia kwenye ukurasa ili niifute ile barua. Nimepata njia ya kuzuia madhara yote, kimyakimya. Paswedi imekataa. Nikajaribu tena kwa herufi kubwa. Imekataa.

Wakati wa chakula Annika akasema, huku anapaka mkate siagi, kwamba chuo kimemtumia taarifa. Kuna mtu ameingia kwenye ukurasa wake mara arobaini na moja. Kwa hiyo amebadilisha paswedi. Marlys akaniangalia. Mimi nikaangalia siagi.

Annika akasimama na mkate wake. Mlangoni akasema, "Na yule mtaalamu wa joto, mwambie apumzike."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Marlys akauliza mtaalamu gani, ikabidi niseme yote, na sahani yangu ikapoa. Hakunikanyaga safari hii. Alisema tu, "Baba Annika, huyu mtoto ana kitu kimoja anachokitaka duniani." Kisha akaenda kukunja nguo ambazo zilishakunjwa.

Ijumaa, 28 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Marlys aliagiza keki. Kwa busara, juu imeandikwa ANNIKA tu, ifae kwa lolote. Saa kumi na moja jioni Duane akaja kuazima ngazi. Ana ngazi mbili. Akaambiwa aketi.

Saa kumi na moja na nusu nikawaza hivi. Habari ikiwa mbaya, baba anapaswa kuijua kwanza, aandae uso, aandae maneno. Hilo si udukuzi, ni malezi. Huenda wameweka jibu mapema kidogo, watu wengine hufanya hivyo. Nikashuka chumba cha chini na simu. Lazima paswedi mpya ni mbwa mwingine. Nikajaribu Biscuit, yule wa kabla ya Gus. Nikajaribu mbwa wa bibi yake. Nikajaribu mbwa wa Duane, kwa kukata tamaa. Baada ya mara ya tano maandishi yakageuka mekundu.

Nikapanda juu. Nikakaa. Nikasema keki inapendeza.

Saa kumi na mbili kamili Annika akafungua kompyuta mezani. Mama yake kamshika bega. Duane kavua kofia, nikiri hilo. Annika akaandika paswedi. Akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti: akaunti imefungwa kwa saa ishirini na nne kwa sababu ya majaribio mengi.

Miezi minne mtoto anasubiri dakika hii.

Hakuna aliyenitaja. Wote walinigeukia tu, hata Duane. Annika akauliza taratibu, "Baba. Ulijaribu mbwa gani?"

Nikasema wote.

Akafunga kompyuta, akapanda chumbani kwake, na mlango ukafungwa polepole. Duane akaondoka bila ngazi. Baadaye nikachungulia pazia. Kazima taa ya kibao. Dharau ya Duane naiweza. Huruma yake itaniua.

Jumamosi, 29 Machi

Saa kumi na mbili jioni. Meza ileile, keki ileile. Simu yangu iko mfukoni kwa Marlys. Mimi nimeambiwa nikalie mikono, na nimeikalia.

Akafungua. Nilimwona macho yanakwenda kushoto, kulia, kushoto. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. Hawajamkubali. Hawajamkataa. Wamemhamishia kwenye orodha ya wanaosubiri, mpaka mwisho wa Juni.

Kiporo kimerudishwa kabatini.

Nikauliza kama ni barua yangu. Akasema, "Hatutajua, Baba. Hiyo ndiyo adhabu yako."

Chini ya ukurasa palikuwa na vitufe viwili: nabaki kwenye orodha, najitoa. Akabonyeza najitoa. Hivi hivi, mbele yetu, kabla sijatoa mikono. Nikasema jamani, fikiri kwanza. Akasema amefikiri tangu Januari. Northlake, chuo cha jimbo letu, walimkubali Oktoba, wakamtumia soksi zenye jina la chuo. Kiko dakika arobaini kutoka hapa, na maabara yao inaelea ziwani. "Wale hawakujiuliza mara mbili," akasema. "Mimi nimechoka kuwa kiporo."

Halafu akalia. Mama yake akamshika, nami nikawashika wote wawili. Akaniambia juu ya bega la mama yake kwamba niape, kwa jina la Gus, kuwa sitawaandikia Ellery tena. Nikaapa. Nilimaanisha kila neno. Tukala keki kwa mikono. Alikula vipande viwili, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba nilimwona ameegemea kiti.

Kupotea njia ndiyo kujua njia. Nimejifunza. Marlys kanirudishia simu.

Nimeagiza kibao cha Northlake. Kina urefu wa futi sita na taa mbili.

Tena nimeangalia picha za mabweni yao. Jengo atakalolala ni la mwaka 1962, mabomba ya mvuke, madirisha ya upande wa ziwani. Mtoto wangu atakoma kwa baridi. Ellery sijawagusa, kiapo ni kiapo. Lakini Northlake hawakutajwa kwenye kiapo, na ukurasa wao una kisanduku.

Nimefika ukurasa wa tatu wa barua. Inaanza hivi: Ndugu Mkuu wa Mabweni, nimemfahamu mwanafunzi huyu tangu alipozaliwa. Nimesaini Hoekstra.