Nafasi ya Mwisho Ubaoni

Jumamosi, 20 Aprili
Theluji imekwisha. Shomoro wa koo jeupe wako njiani kutoka kusini, na mwaka huu wa kwanza kumwona mmoja nitakuwa mimi, Verlyn Aasen, uani kwangu. Kila mwaka Klabu ya Ndege huchonga jina la anayemwona kwanza kwenye ubao wake pale maktaba, na ubao umebakiza nafasi moja tu. Moja! Juu yake kuna Marlys Tollefson mara sita mfululizo. Ni jirani yangu. Ua wake ni aibu ya mtaa, majani ya mwaka jana bado yamelala. Wangu utang'aa. Mke wangu Ardis kauliza shomoro watafuata nini penye kung'aa. Nikatoka kutafuta reki.

Jumatatu, 22 Aprili
Nimepiga reki mpaka mgongo ukalia. Majani makavu na matawi, toroli nne. Jalala liko mbali. Marlys kaenda kwa dada yake. Nikayarusha yote ng'ambo ya uzio, juu ya mtama anaowamwagia ndege. Tuone shomoro gani atakula sasa.

Jumatano, 24 Aprili
Marlys kabisha hodi. Nilikuwa tayari kukana. Kumbe kaleta biskuti. Kashukuru kwa rundo, eti majani yake hayatoshi na alitaka kuniomba yangu tangu vuli ila aliona haya. Shomoro hawa, kasema, hupenda kuchakura kwenye majani makavu, nyasi tupu hawazitaki. Nikamwambia nalijua hilo. Sikulijua. Nimekula biskuti saba kwa hasira.

Ijumaa, 26 Aprili
Gari la Marlys halipo. Nikaruka uzio kwenda kurudisha mali yangu. Suruali ikachanika. Nimelala kifudifudi navuta tawi, nikasikia mchakacho wa majani. Koo jeupe. Doa la manjano juu ya mdomo. Yuko karibu na pua yangu! Nikapiga kelele kwamba ni wangu. Akaruka.

Dirisha la jikoni likafunguka. Kumbe gari liko kwa fundi, Marlys yuko ndani na darubini na kahawa yake. Akasema taratibu, "Wako vipi, Verlyn? Si uko uani kwangu?"

Sheria ya klabu: ndege awe popote, lakini mtazamaji awe kwake mwenyewe, uani au ndani. Ningebaki upande wangu nikachungulia tu juu ya uzio, ningeshinda. Sheria hii niliipendekeza mimi, mwaka ule Marlys alipomwona shomoro wa kwanza kupitia dirisha langu, akinywa kahawa yangu.

Jumapili, 28 Aprili
Jina la Marlys limeshachongwa ubaoni. Kanisani wote wamempa mkono. Mimi pia, mkono wa kushoto. Ardis kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamjibu asiyekubali kushindwa si mshindani. Kasema ndivyo hasa alivyomaanisha.

Inauma, sikatai. Lakini ubao ukijaa huwekwa mwingine, na nimejitolea kuutengeneza. Pia nimepima uzio. Ukisogezwa hatua sita tu, lile rundo litakuwa uani kwangu. Jumanne Marlys anarudi kwa dada yake.