Mkanda Ulionikaukia Kiunoni

Jumatatu, 3 Machi
Habari imefika karakanani. Mama mwenye duka la mitindo anakuja Jumamosi kuchagua fundi mmoja wa kumtengenezea mikanda na mikoba ya ngozi mwaka mzima. Mmoja! Na sisi tuko wawili, meza zinatazamana: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Mke wangu kaamua kwamba atakayekosa atakuwa msaidizi wa mwenzake. Mimi nimpakie shemeji gundi? Thubutu! Anashona vizuri, nakubali, lakini ubunifu hana. Mimi ninao wa kumwaga. Nitasuka ngozi kwa nakshi za mikeka ya shangazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa shangazi, nyumba ya tatu kutoka karakanani. Kasema atanifundisha kwa moyo mkunjufu, mradi nikae naye mwezi mmoja, nianze na kuchambua majani. Mwezi! Nikajitia kutengeneza bawaba za mlango wake, ulio mzima kabisa, huku jicho moja liko kwenye mikono yake. Siri nimeipata: analowesha majani kwanza, anayasuka yakiwa laini. Basi! Mwezi mzima kwa ajili ya ndoo ya maji. Akaniuliza mbona mlango haufungiki tena. Nikaaga.

Jumatano, 5 Machi
Ngozi iko kwenye ndoo tangu asubuhi. Shemeji kaniuliza kama nafua. Nikamwambia ashughulike na sindano yake. Nakshi imetoka! Mistari inapishana kama kwenye mkeka wa shangazi, isipokuwa pale katikati ilipopotea njia. Mke wangu anasema ni kama barabara inayochimbwa. Kijicho hicho, tena ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Mkanda niliuanika jana juani. Umenywea, hata paka haumtoshi. Nimekaa nikawaza mpaka nikaliona kosa: haukuwa na kitu cha kuushikilia umbo. Nimesuka wa pili. Kesho nitauvaa ukiwa mbichi, unikaukie kiunoni kabla mgeni hajafika. Nani mwingine angewaza hivi? Wakati mwingine najiogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Saa tatu ulikuwa umenikaa sawasawa. Nikasimama juani. Saa nne ukaanza kubana, nikajikaza kisabuni. Saa tano nikaacha kuongea ili nitunze pumzi. Saa sita mgeni akaingia. Akanisalimia, nikatikisa kichwa. Akausifu mkanda, akaomba aushike.

Lahaula! Bizimu haifunguki. Shemeji akavuta, mgeni naye akavuta, macho yakanitoka pima. Shemeji akachomoa kisu. Nikapiga yowe asikate, hiyo ndiyo sampuli! Mke wangu akakimbia kumwita shangazi. Shangazi akanizunguka, akacheka mpaka akashika ukuta, akatafuta ncha, akaufumua wote akiwa amesimama. Akasema ningemuuliza angeniambia: majani yakikauka hutulia, ngozi ikikauka hunywea.

Pumzi ikarudi. Suruali ikashuka. Mgeni, kwa adabu, akageukia kikapu alichokuja nacho shangazi, akakitazama kwa muda mrefu sana. Kazi wamepewa wao: shemeji akate na kushona, shangazi asuke, tena ngozi kavu. Mimi ni msaidizi wa wote wawili. Nimelia kidogo nyuma ya karakana, na sioni haya kuandika.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi kaniletea ujumbe kupitia mke wangu: ule mwezi bado upo, nianze kesho na majani. Nikajibu kwamba nitafikiria.

Nimeshafikiria. Kosa halikuwa maji. Kosa lilikuwa tumbo! Linapanda, linashuka, mkanda unachanganyikiwa. Kichwa, kwa upande wake, kimetulia, hakina pumzi ya kuvuta. Nimesuka kofia ya ngozi mbichi, nimeivaa tangu saa mbili asubuhi. Jua ni kali. Imeanza kunikaa vizuri.