Viluwiluwi Kumi na Wanne wa Pipa Langu

Hoteli ya Chai, nyuma ya soko,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Jumanne, 6 Aprili 1954

Kwa Bwana Mkubwa wa Ofisi ya Mbu,

Nakuamkia kwa heshima, na naomba uisome barua hii umekaa. Mimi ni Onesphory, mwenye hoteli. Nilianza na birika moja na vikombe vinne. Leo nina meza saba. Jumatatu ijayo ofisi yako itaamua nipewe leseni tena au nifunge, kwa kuwa ramani iliyo ukutani kwenu inasema nyumba yangu ndiyo inayozaa mbu wa mtaa mzima. Nimeiona kwa macho yangu. Kwangu pana pini nyekundu sita. Nyumba nyingine kumi na tisa hazina hata moja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karani wako wa kuhesabu viluwiluwi, Bwana Rajabu, ni mtu mwaminifu. Ila miguu yake ikichoka, inachokea kwangu. Jumatatu hadi Jumamosi anaagiza chai, na ikiwa bado ya moto anachukua upawa wake, anachungulia pipa langu, anahesabu. Kumi na wanne. Ni wale wale, Bwana, mmoja nishamjua kwa kupinda mgongo. Kumi na wanne mara sita ni themanini na wanne, na ndivyo ilivyoandikwa, kila siku na pini yake.

2. Jirani yangu Bi Sitara, mumewe anashinda kazini bandarini. Bwana Rajabu akipiga hodi anajibiwa mwenye nyumba hayupo, naye ana adabu zake, haingii. Kitabu chenu hakina mahali pa kuandika "sikuingia," basi anaandika sifuri. Nyumba zote kumi na tisa ziko hivyo. Nilimtuma mke wangu Euphrasia, ambaye hazuiwi mlangoni. Kwenye mtungi mmoja wa Bi Sitara alihesabu tisini na sita. Bi Sitara alicheka, akasema, "Mwambie mumeo Mangi, wangu hawajaandikishwa."

3. Sasa nasikia daktari mgeni ameitazama ramani hiyo na kuandika kwamba mbu wa mji huu wanafuata harufu ya chai. Makarani wapya watafundishwa hivyo, kisha watatumwa kwenye hoteli za chai tu. Watakunywa, watahesabu, na daktari ataonekana kasema kweli. Wakianza kupenda vitumbua, mwakani mbu watafuata vitumbua.

4. Pipa linalokinga maji ya bati la ofisi yako lina mia mbili na kumi na mmoja. Nilipata nafasi ya kuhesabu, maana mliniweka kwenye benchi kwa muda wa saa mbili na robo. Halina pini.

Kwa hiyo naomba kila mbu aandikwe alikozaliwa, si alikokutwa, na apewe kipande cha kumtambulisha kama tulivyopewa sisi. Karani akimkamata, asome kipande, amrudishe kwao. Kama karatasi haitoshi, basi Bwana Rajabu anywe chai kwa zamu, nyumba ishirini, siku ishirini. Chai nitatoa mimi. Kila nyumba itapata pini yake moja, na mimi nitabaki na leseni.

Wasalimie makarani wote, na mzee wa mlangoni aliyenisogezea benchi. Euphrasia anakusalimu, na Bi Sitara pia, ila yeye yuko ndani.

Ni mimi, mwenye kumi na wanne tu,
Onesphory

Nyongeza: Nilikusudia kukuletea ushahidi pamoja na barua hii. Wale wa Bi Sitara na wale wa ofisi yako, jumla mia tatu na saba, nilikuwa nimewachota nikawaweka kwenye chupa nyuma ya jiko, wiki moja na nusu sasa. Asubuhi hii nimekuta chupa zina maji matupu, na wateja wa meza zote saba wanakunywa chai wamesimama, wanajipiga makofi. Tafadhali Bwana Rajabu asije kesho. Au akija, atangulize dawa, chai baadaye.